Upande Ulioachwa Wazi

Kabla hajawa dereva wa kujaribu magari, Musyimi Mutunga alikuwa mtu wa lori. Alibeba saruji kutoka Mombasa kwenda Nairobi na kurudi na mzigo wowote uliopatikana, akaijua barabara ile kuu kama mtu anavyoujua ua wa nyumba yake. Katika miaka yote hiyo aliona ajali za kila namna, lakini alizoziona kuliko zote ni za magari yaliyolala ubavu bila kugongana na chochote.

Ukitoka Voi upande wowote, barabara inapita katikati ya nyika ya wanyama, na mnyama hana habari na lami. Nyati hujitokeza kichakani, dereva hushtuka, huukata usukani, na gari humtii. Akishampita nyati huukata tena kurudi upande wake, na hapo ndipo gari hugoma. Uzito wote umelala upande mmoja, magurudumu ya upande wa pili yananing'inia hewani, na yaliyobaki chini hayawezi kulibeba gari peke yao. Nyati mwenyewe mara nyingi hata haguswi. Wakati mmoja karibu na Miasenyi, Musyimi alisimamisha lori akasaidia kuwatoa watu kwenye gari la watalii lililobingirika namna hiyo. Wanawake wanaouza vitunguu kando ya barabara walivua leso zao wakaja kufunika waliokufa. Leso hazikutosha. Alifika nyumbani asile kitu, na mkewe Mumbe alipomuuliza kulikoni, alisema tu, "Lilikuwa linakwepa."

Kwa hiyo Mansur Badawy alipomwita kazini, hakusubiri kubembelezwa.

Mansur alikuwa wa ukoo wa pwani lakini mzaliwa wa Voi. Baba yake aliuza vitambaa mjini, yeye akachagua vyuma. Gereji yake ilichukua magari matupu na kuyageuza: mengine yakawa ambulensi, mengine ya kubebea watalii, yenye paa la kuinuka ili mgeni asimame atazame tembo. Paa likiinuliwa na viti vikiinuliwa, gari huwa zito juu kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Gari moja lililotoka mikononi mwake lilipinduka likimkwepa kongoni. Hakufa mtu, lakini Mansur alikesha hospitalini na wale majeruhi kana kwamba ni nduguze, na aliporudi aliwakusanya mafundi.

"Wallahi, mimi sikufungua kiwanda cha majeneza," alisema. "Hapa halitoki gari tena bila kujaribiwa."

Akamleta Evelyn, mhandisi aliyesomea mambo ya magari, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Evelyn alitafuta mahali pa wazi, wakapewa ruhusa ya kutumia kiwanja cha zamani cha ndege ndogo ndani ya shamba la mkonge lililokwisha kuachwa. Lami ilikuwa imepasuka kandokando, lakini katikati ilikuwa bado nzima. Hapo akapanga koni zake nyekundu za barabarani. Zilifanya njia nyembamba ya kuingilia, kisha njia ikazibwa ghafla, kama vile mnyama amesimama. Upande wa kulia paliachwa wazi, pa kumkwepea huyo mnyama. Mbele kidogo njia ilirudi tena kushoto. Dereva aliingia kwa kasi, akaachia mafuta, hakugusa breki, akakata kulia, akakata kushoto, akatoka. Ndani ya gari waliketisha magunia ya mchanga, kila gunia kwenye kiti chake na mkanda wake, yawe ndiyo abiria. Koni ikianguka, jaribio limeharibika, linarudiwa. Gurudumu likiinuka, gari linarudi gereji. Mafundi waliliita jaribio la nyati, ingawa hakuna nyati aliyewahi kukanyaga pale.

Siku za mwanzo Musyimi alichelewa kila mara, akaangusha koni mpaka akaona haya.

"Usifikirie," Evelyn alimwambia. "Ukifikiria umeshachelewa. Iache mikono ijue yenyewe."

Mikono ikajua. Ilijua kiasi kwamba hata nyumbani, akibeba ndoo ya maji na kuku akamkatiza njia, alirukia kulia na kurudi kushoto bila kumwaga tone, na binti yake Koki akacheka mpaka akakaa chini. Mumbe alitania kwamba ameolewa na swala. Na kazi ile ilimpa Musyimi raha ambayo lori halikuwahi kumpa. Gari likiinua mguu uwanjani, mafundi walilirudisha, wakateremsha paa, wakabadilisha springi, wakapanua magurudumu, na yeye akaliingiza tena katikati ya koni mpaka likakoma kuinuka. Kila gari lililokataa kupinduka aliliona kama gari lililojaa watu waliofika nyumbani. Hakumwambia mtu hivyo. Lakini ndivyo alivyolala usingizi.

Siku ile asubuhi walijaribu gari la mteja mmoja wa Taveta, mtu wa kupeleka wageni mbugani. Lilipita vizuri kuliko yote yaliyotangulia. Evelyn, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema, "Hili limekubali." Mansur akamwomba Musyimi alipeleke Taveta siku hiyo hiyo, kwa kuwa mteja alikuwa na wageni njiani. Wakatoa magunia, wakalifuta vumbi, na alasiri akaondoka nalo peke yake, viti vikiwa bado ndani ya karatasi zake za nailoni.

Kuelekea Mwatate jua lilikuwa limeshuka usawa wa macho. Barabara mbele ilikuwa tupu, ama ndivyo alivyoiona.

Ndama alitoka upande wa kushoto. Hakuwa nyati wala tembo. Alikuwa ndama mwekundu wa mtu, kamba iliyokatika ikimning'inia shingoni, akimkimbilia mama yake ng'ambo ya pili. Musyimi hakuamua lolote. Baadaye angeulizwa na polisi, na wakili, na hakimu, na moyo wake mwenyewe usiokoma kuuliza, na kila mara jibu lingekuwa lile lile. Mguu uliachia mafuta. Mikono ikakata kulia. Gari likajibu kama lilivyojibu asubuhi, likainama, likajizuia. Akasikia kishindo upande wa kulia, mbele, kishindo kidogo tu. Mikono ikakata kushoto, na gari likarudi kwenye mstari wake, limenyooka kama uzi.

Wazo la kwanza kumjia, kabla ya jingine lolote, lilikuwa hili: koni imeanguka, itabidi turudie.

Wazo hilo halikudumu. Lakini lilikuja, na tangu siku ile hakuweza kujisamehe kwamba lilikuja.

Alisimamisha gari akakimbia kurudi nyuma. Mwanamke alikuwa amelala kwenye majani makavu ng'ambo ya lami, kiatu kimoja mguuni. Mihogo ilikuwa imetapakaa. Jina lake alikuja kuambiwa baadaye: Wakesho, mke wa fundi wa mabomba wa kule Ronge, aliyekuwa ametoka kumjulia hali dada yake mgonjwa, na dada akamfungia mihogo ya kwenda nayo nyumbani. Alikuwa anatembea kwenda kupata gari la kupanda mlimani. Alitembea upande wa kulia wa barabara, jinsi watoto wanavyofundishwa shuleni, ili ayaone magari yanayomjia. Yanayomjia aliyaona. Musyimi alitokea mgongoni kwake.

Alikuwa bado hai. Musyimi alipiga magoti, akataka kumshika, akaogopa kumshika.

"Mama," alisema. "Mama, nisamehe. Mama, usilale."

Mwanamke alimtazama bila hasira, kama mtu anayetaka tu jambo lieleweke.

"Nilikuwa upande wangu," alisema.

"Ndiyo, mama. Ulikuwa upande wako."

Pikapu iliyotoka Mwatate ilisimama. Watu wakaja kutoka mashambani, wengine wakiokota mawe, na mwenye pikapu akawazuia kwa kuwapigia kelele kwamba kuna mtu wa kuokoa kwanza. Wakampakia Wakesho kwenye lile gari jipya. Musyimi aliushika usukani, mikono ikakataa. Mwenye pikapu akaendesha. Musyimi alikaa nyuma sakafuni, kichwa cha mwanamke kikiwa mapajani pake, na kila gari lilipoyumba karatasi za viti zilichakarisha. Hawakufika Voi naye. Mahali fulani njiani, Musyimi hakuweza kusema ni wapi, mkono wa mwanamke uliokuwa umeshika shati lake uliachia.

Ndama hakuumia. Watu waliobaki pale walisema alivuka akaanza kunyonya.

Polisi walilikagua gari. Taa moja ya mbele ilikuwa imevunjika na bati limebonyea mahali padogo. Mengine yote yalikuwa sawa.

Musyimi alitaka kwenda Ronge kwenye matanga. Mansur, ambaye ndiye aliyemtoa kituoni kwa dhamana, alimshika mabega.

"Usiende, ndugu yangu. Watu wana uchungu. Mawe yale yaliyowekwa chini juzi yataokotwa tena, na mimi sitakuwa na la kuwaambia."

"Kwa hiyo nikae tu?"

"Ukae. Na kukaa ni kazi, naelewa."

Mumbe ndiye aliyekwenda. Hakumuaga mumewe. Alijifunga leso mbili, akapanda mlima asubuhi, akaingia katika ua wa watu asiowajua, ambako wanawake walikuwa wameketi wakimenya ndizi za kupikia waombolezaji. Alipewa kisu akamenya pamoja nao. Hakuna aliyemuuliza ni nani. Kwenye msiba mikono haiulizwi jina. Lakini kadiri alivyowasikia wakimtaja marehemu, jinsi alivyoimba kanisani, jinsi alivyokuwa mkali kwa watoto waliochezea barabarani, ndivyo alivyoona anawadanganya kwa kunyamaza. Mwishowe alikiweka kisu chini.

"Mimi ni mke wa yule dereva," alisema.

Mwanamke mmoja aliinuka akaondoka. Mwingine, mzee, shangazi wa marehemu, alimtazama Mumbe muda mrefu. Kisha akasukuma chane nyingine ya ndizi mbele yake.

"Menya," alisema. "Watu ni wengi."

Mumbe alimenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Aliporudi nyumbani jioni alimsimulia mumewe yote, hakuficha hata yule aliyeondoka. Musyimi alisikiliza, ameinamia meza.

"Na mume wake?" aliuliza.

"Nilimwona kwa mbali. Alikuwa amesimama karibu na walipokuwa wakichimba kaburi. Hakuwa analia. Alikuwa anawaonyesha mahali penye jiwe."

Wiki kadhaa baada ya mazishi, mume huyo alifika mwenyewe gerejini. Jina lake Fanuel, mtu mfupi, mpana wa mabega, aliyevaa koti la kanisani katika joto lile la Voi. Mafundi waliacha nyundo. Musyimi alimjua kabla hajasema neno, akatoka alipokuwa akamkabili, maana aliona ni aibu kuitwa.

"Wewe ndiye?" Fanuel aliuliza.

"Ni mimi."

Fanuel akamtazama kuanzia usoni hadi miguuni. Kisha akamgeukia Mansur.

"Nimeambiwa mna mahali mnapolifundisha gari kukwepa. Nataka kupaona."

Mansur alianza kusema kwamba hapana cha kuona, ni kiwanja tu, lakini aliutazama uso wa yule mtu akachukua funguo. Wakaenda wanne, Mansur akiendesha, Evelyn mbele, Musyimi na Fanuel wamekaa nyuma, goti kwa goti. Koni zilikuwa bado zimepangwa. Upepo ulikuwa ukizungusha vumbi jekundu katikati yake.

"Nionyeshe," Fanuel alimwambia Musyimi. "Kwa miguu."

Musyimi akatembea. Akaonyesha gari linapoingilia, mahali palipozibwa, mahali mikono inapokata. Fanuel alimfuata hatua kwa hatua kama mtu anayeonyeshwa mpaka wa shamba.

"Ndama alikuwa hapa."

"Hapo."

"Na gari likaenda huku." Fanuel aliingia upande wa kulia, akasimama katikati ya koni. "Wakesho alikuwa hapa nilipo?"

Musyimi akaitikia kwa kichwa.

"Hapa, mnapojaribu, huwa mnaweka nini?"

Aliyejibu ni Evelyn. "Hatuweki kitu. Hapo panaachwa wazi."

"Kwa nini?"

"Jaribio ni la gari, mzee. Tunataka kujua kama litapinduka. Tukiweka kitu hapo, gari halina pa kwenda. Hakuna jaribio."

"Na barabarani?" Fanuel aliuliza. Hakupaza sauti. "Barabarani nani anapaacha wazi?"

Mansur alikuwa ametazama mbali, kwenye mkonge mkavu. Fanuel alibaki amesimama pale, mikono mifukoni mwa koti lake.

"Mimi ndiye niliyemfundisha atembee kulia," alisema. "Alikuwa na mazoea ya kutembea popote, kama mtu wa mlimani. Nikamwambia, mama watoto, kule chini kuna magari, tembea upande ambao utayaona. Nilimwambia mpaka akachoka na mimi." Akamgeukia Musyimi. "Ungeweza kumgonga yule ndama."

"Ningeweza."

"Mwenye ndama angekuja kulia kwangu, ningemsaidia kulia, jambo likaisha."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

Musyimi alikuwa amelitafuta jibu la swali hilo mchana na usiku. "Sikumchagua ndama," alisema. "Sikumwona mkeo nikamchagua ndama. Sikuchagua kabisa. Mikono ilishazoea kwamba upande huu hauna mtu."

Fanuel alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kwa kukataa. "Alisema kitu?"

"Alisema alikuwa upande wake."

Hapo ndipo yule mtu alipovunjika. Alichuchumaa katikati ya koni akaufunika uso wake kwa koti, na hakuna kati yao aliyethubutu kumkaribia. Mansur peke yake alisogea akasimama upande wa jua, kivuli chake kikamwangukia. Walikaa hivyo mpaka Fanuel alipoinuka mwenyewe na kusema anataka kurudi kwao.

Kesi ilisikizwa Voi. Evelyn alieleza, wakili akaeleza, aliyekuja na pikapu akaeleza. Wakili wa Musyimi alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba ustadi wa mteja wake ndio uliolizuia gari kupinduka. Musyimi alitazama sakafu. Hakimu alisema mnyama aliachwa kuzurura, jua lilikuwa machoni, na dereva alifanya kile ambacho dereva angefanya kwa ghafla. Hakuona hatia ya jinai. Musyimi akaachiliwa. Aligeuka kumtafuta Fanuel kwenye mabenchi ya nyuma, akaliona benchi tupu. Alikuwa ametoka kabla maneno hayajaisha.

Na gari lile? Mteja wa Taveta alilichukua. Taa ikabadilishwa, bati likanyooshwa. Habari ikaenea kwa madereva kwamba kuna gari lililotupwa kulia na kushoto kwa kasi barabarani, halikuyumba, na wenye kampuni za watalii wakaanza kupiga simu. "Nataka kama lile," walisema. Mansur aliyatengeneza, kwa sababu ndiyo kazi yake na kwa sababu ni kweli yalikuwa magari mema. Lakini aliwakataza mafundi kulisimulia tukio lile mbele ya wateja, na mmoja aliyelisimulia kwa kicheko alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Musyimi alirudi uwanjani. Hakuna aliyemlazimisha, alijiambia kwamba magari hayo yasipojaribiwa, watu wa Miasenyi watavua leso zao tena. Akaingia kwenye gari, akafunga mkanda, akaliongezea kasi. Njia ikazibwa mbele yake. Mguu ukaachia mafuta. Na mikono, ile mikono iliyojua yenyewe, ikabaki imeshika usukani kama ya sanamu. Gari lilipasua katikati ya koni, zikaruka huku na huku, na likaenda kusimama mbali mwisho wa kiwanja.

Evelyn alikuja kwa miguu mpaka dirishani.

"Ulimwona?" aliuliza taratibu.

"Sikuona mtu," Musyimi alisema. "Ila sikuwa na hakika."

Alijaribu tena siku ya pili, na tena. Mara zote alipita moja kwa moja. Mansur alimpa kazi ya kusimamia mafundi wa viti, lakini Musyimi hakuijua na mafundi hawakumhitaji. Akamweka kando ya uwanja amwelekeze dereva mpya, Sylus, kijana aliyetoka kuendesha malori kama yeye. Sylus alikuwa mwepesi kujifunza. Musyimi alimfundisha yote, na juu ya yote akamwongezea moja ambalo halikuwa la Evelyn.

"Kabla hujakata, tazama kulia."

"Kuna nini kulia?"

"Hakuna kitu. Tazama tu."

Sylus alitazama, akachelewa, akaangusha koni. Evelyn alimwita Musyimi pembeni. Alizungumza kwa upole, macho yake yakiwa mekundu, maana yeye pia hakuwa amelala vizuri tangu siku ya Fanuel. Alisema kama dereva anatazama, basi anapimwa dereva, na gari halipimwi. Alisema amewaandikia walimu waliomfundisha kuwauliza kama kuna njia nyingine, na hawajamjibu la maana. Musyimi alimwambia haelewi yote hayo, lakini anaelewa kwamba anamharibia kazi. Jioni ile akamrudishia Mansur funguo. Mansur alimkumbatia.

Walihamia Njukini, kwenye kipande cha ardhi alichoachiwa Mumbe na baba yake. Walilima mahindi na maharagwe, na Mumbe akapata mahali pa kuuzia sokoni. Majirani walipojua kwamba Musyimi alikuwa dereva, walimjia mara kwa mara. Kuna pikapu, kuna mzigo, mwenye gari anaumwa. Alikataa kwa adabu. Kuna waliomwona mvivu. Koki hakucheka tena baba yake alipobeba maji, kwa kuwa sasa alitembea taratibu mno, na mnyama yeyote akimkatiza njia, awe kuku au mbuzi, alisimama kabisa, akageuza kichwa upande mmoja, kisha wa pili, ndipo akaendelea.

Mwaka ulipotimia, Fanuel alituma ujumbe kupitia kwa yule shangazi mzee. Ulikuwa mfupi: familia inafanya ukumbusho wa Wakesho, na Musyimi aje. Mumbe aliogopa. Musyimi hakuogopa, au labda alikuwa ameogopa mpaka hofu ikaisha. Wakapanda Ronge pamoja, wamebeba debe la maharagwe.

Padri alisoma, watu wakaimba, kaburi likawekwa maua. Kisha Fanuel, akiwa katika lile koti lake, alimwita Musyimi mbele ya nyumba na kuwaita wanawe wanne. Akawapanga.

"Huyu ndiye aliyemgonga mama yenu," alisema. "Mtazameni."

Watoto wakamtazama. Musyimi hakuinamisha uso, ingawa shingo ilimlazimisha. Aliona kwamba ndilo deni lenyewe, kutazamwa.

"Sikukuita nikusamehe," Fanuel alimwambia. "Hilo bado sina, na sijui kama litakuja. Nimekuita kwa sababu hawa watoto wanaota ndoto mbaya. Yule mdogo anasema ni zimwi lililomchukua mama yake. Nilitaka waone ni mtu."

Mtoto mdogo alimwangalia mgeni kwa makini, viatu vyake, mikono yake, kisha akamwuliza baba yake kama anaweza kwenda kucheza. Baba akamruhusu. Wawili wa katikati wakasogea kwa shangazi. Binti mkubwa, msichana aliyekaribia kumaliza sekondari, alibaki amesimama mbele ya Musyimi, midomo imebana. Kisha akageuka akaingia ndani, na mlango wake ulibaki umefungwa mpaka wageni walipoondoka.

Chakula kikaletwa. Musyimi na Mumbe walipewa sahani kama wengine wote, wakakaa kwenye benchi pamoja na wazee wa kanisa. Mzee mmoja alimuuliza Musyimi habari za mvua ya Njukini, naye akamjibu. Fanuel alipita mara mbili akigawa maji, na mara zote mbili alimpa Musyimi kikombe bila kumwangalia.

Alasiri ukungu ulianza kushuka kwenye migomba. Musyimi na Mumbe waliaga, wakashuka mpaka mahali pa kungojea gari, wakasimama kando, mbali sana na njia, ndani kabisa ya majani, kama alivyozoea sasa. Mumbe alimfunika mumewe mabega kwa leso yake.

"Ulijisikiaje pale, Baba Koki?" aliuliza. "Alipowaambia watoto wakutazame."

"Baridi," Musyimi alisema. "Kama mtu aliyesimama bila nguo."

Gari lilipokuja, alimwacha Mumbe apande kwanza, akakaa kiti cha nyuma kabisa, na njia nzima ya kuteremka aliyafumba macho yake, asiione barabara.